Ada ya Kutazamwa

Nchi hii haina jina. Zamani lilikuwepo, zuri tu, lakini wakubwa walilipeleka kusafishwa na mpaka leo halijarudi. Wenyeji wanaiita "huku kwetu". Ukimsikia mtu anasema "huku kwetu" halafu anageuka kuangalia nyuma, ujue katoka huko. Sogea usikilize, na ukiona kitu unachokifahamu, nyamaza nacho, usije ukatuponza wote.

Huku kwetu alikuwepo mzee anaitwa Mshindo, mshona magodoro ya sufi. Shule aliingia akatoka mapema, kwa sababu darasa lao liligeuzwa stoo ya mabango ya sherehe, na bango, kama mjuavyo, haliwezi kukaa mvuani ilhali mtoto anaweza. Mkewe aliitwa Asumini. Alifariki akamwachia binti mmoja, Sikudhani, na kitanda cha samadari cha mninga alichokuja nacho siku ya harusi.

Asumini alifariki siku nzuri sana, siku ya kufunguliwa wodi aliyolazwa. Wodi ile ilishafunguliwa mwaka juzi na mwaka uliopita, lakini wodi nzuri haichoki kufunguliwa. Waganga na wauguzi wote walipangwa kando ya barabara kupiga makofi, maana huku kwetu kuna Sheria ya Shukrani: mkubwa akivuta pumzi, mwananchi anapiga makofi. Watoto wanajifunza kabla hawajajua kukaa. Mikono inazoea mpaka mtu anapiga usingizini, redio ya jirani ikikohoa tu.

Mzee Mshindo aliita, "Nesi." Makofi yakamfunika. Akatoka mlangoni akaita tena, akaona migongo myeupe imejipanga kama sahani kabatini. Waliporudi, Asumini alikuwa keshapoa. Muuguzi mmoja alilia kweli, akamwambia, "Nisamehe, baba yangu. Ningeacha kupiga, wangeniona."

Siku ya mazishi, udongo haujakauka miguuni, mzee alimshika binti yake bega akasema mbele yake, "Mikono hii haitawapigia tena. Nimekula yamini kwa mama yako."

Na kweli hakupiga. Sheria ina huruma yake: mwenye mzigo mikononi anasamehewa. Basi tangu hapo kila mkutano Mzee Mshindo alikwenda na gunia la sufi kifuani.

"Mzee Mshindo, leo tena na gunia?" mjumbe wa mtaa humwuliza.

"Biashara haina sikukuu, mjumbe."

Sikudhani, akiwa pembeni, huinama kuficha kicheko. Baba yake hakuwa na kitu, lakini alikuwa na hilo, na mtoto alilijua. Wenzake walikuwa na baba wenye pikipiki. Yeye alikuwa na baba asiyepiga makofi.

Sasa huyu Sikudhani, ndugu zangu, alikuwa na mguu. Mtaani wanacheza mpira wavulana na wasichana pamoja, uchochoro wenyewe mwembamba, na yeye alipita katikati yao kama uzi kwenye sindano. Aliyeuona mguu huo mwanzo ni mama yake. Asumini alikuwa akiacha chungu kinaungua amsimamie mtoto mlangoni. Na kabla hajaenda hospitali alimwambia mumewe, "Huyu mtoto, baba Siku, usimwache akafia uchochoroni. Aonekane na watu wenye macho."

Ndipo likapita gari la vipaza sauti. Wizara ya Vijana, Vipaji na Mambo ya Namna Hiyo ilikuwa inatangaza majaribio ya Timu ya Safari ya Watoto wa Taifa, itakayosafiri nchi za nje kucheza na watoto wa huko. "Majaribio ni bure," gari likasema. "Kinacholipiwa ni kutazamwa."

Watu walielewa mara moja, maana huku kwetu tumezoea. Jicho la mtumishi wa umma linachoka kama gurudumu, na gurudumu halizunguki bure. Ukilipa ada ndogo, mtoto wako anatazamwa kwa jicho moja. Ukilipa kubwa, kwa macho yote mawili. Asiyelipa anaruhusiwa kucheza, lakini wateuzi watafumba.

Jirani yake Mzee Mshindo, Bi Hadia wa vitumbua, alimjia mapema. Mwanawe Kombo alijaribiwa mwaka uliopita.

"Nasikia unataka kumpeleka mtoto. Mwenzangu, usijitie hasara. Mimi Kombo wangu alitazamwa kwa jicho moja, la kushoto, tena lilikuwa na chongo. Kaambulia kuungua jua."

"Ulilipa jicho moja, Bi Hadia. Ukitaka samaki ukanunua kichwa, usilaumu kitoweo."

"Na hao waliolipa mawili, nani kachukuliwa?"

"Wote wanalipa. Kama hakuna faida, mbona wanalipa?"

"Nzi wote wako jaani, na wewe utakwenda?"

Mzee alikuwa na maneno ya marehemu tu, na maneno ya marehemu hayabishiwi, kwa sababu mwenyewe hayupo wa kusema, aa, sikumaanisha hivyo. Jioni hiyo samadari ilitolewa mlangoni kwa ubavu, miguu mbele, kama ilivyotoka jeneza.

"Baba, utalala wapi?" Sikudhani aliuliza.

"Mshona magodoro hakosi pa kulala, mama. Wewe kamata mpira."

Akalipia macho mawili.

Siku ya majaribio uwanja ulifurika. Mlangoni walinzi wakalishika gunia la mzee.

"Hili linabaki."

"Lina sufi tu, wanangu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Sufi ikishika moto, mheshimiwa atakaa wapi?"

Wakalitupa kando. Mzee akaingia mikono mitupu, akajiona kama katoka bila nguo.

Mheshimiwa Pakacha, waziri mwenyewe, alikaa juu kabisa ya jukwaa, kwenye kiti kilichokuwa na kiti kingine cha kuwekea miguu. Wateuzi watatu walikaa chini yake. Na kwa kuwa itifaki hairuhusu mtu kumpa mheshimiwa mgongo, wateuzi waligeuza viti wakamtazama yeye, migongo wakawapa watoto. Hapo ndipo Mzee Mshindo alipoyaona macho aliyoyalipia. Yalikuwa wazi kabisa, mazima, yakimtazama waziri akila embe.

Jambo la pili, mpira haukuwepo. Ofisa wa vifaa alitangaza kwamba mpira wa taifa uko safarini kikazi, na mtoto mwenye kipaji cha kweli hategemei vifaa.

Watoto wakaanza kukimbia ovyo, wengine wakasimama wakijikuna. Zamu ya Sikudhani ikafika. Alimtafuta baba yake kwa macho, akamwona, kisha akainama akaweka chini kitu kisichokuwepo. Akakigusa kwa wayo. Akaanza kwenda nacho. Alimpita wa kwanza, akamsubiri wa pili amjie, akakivuta nyuma kwa kisigino, na yule mtoto kweli akaanguka. Muuza karanga mmoja aliacha kuuza. Sikudhani akafika langoni, akanyanyua kichwa, akapiga, na golikipa akaruka kwa nguvu zake zote upande wa kulia akafagia vumbi, maana mpira ulikwenda kushoto. Wazazi wote waliuona unaingia. Mama mmoja alisema polepole, "La ilaha," kama mtu aliyeona maiti anafumbua macho.

Mzee Mshindo alitamani kugeuka amwambie mtu pembeni, umeona, nilikwambia. Aliyetaka kumwambia hakuwepo.

Waziri akasafisha vidole vyake, akainuka.

"Ndugu wananchi wazazi. Nimetazama vipaji. Na vipaji vimenitazama. Serikali yenu sikivu ingependa kuwachukua wote, lakini napenda kuwafahamisha kwa furaha kwamba timu imejaa na ilishasafiri tangu wiki iliyopita. Mpaka sasa iko ugenini, inafungwa kwa heshima kubwa. Kepteni wake, ambaye kwa bahati ni mpwa wangu, ana ndevu na watoto wawili, jambo linaloonyesha ukomavu. Ninyi mliokosa leo msinung'unike. Mmekosa kwa kiwango cha kimataifa. Na kwa waliolipia macho mawili, tutawataja kwa majina, maana serikali haili cha mtu bure."

Akakunjua karatasi.

"Sikudhani binti Mshindo. Ametazamwa kwa macho yote mawili. Hakuonekana."

Waziri akavuta pumzi.

Uwanja mzima ukapiga makofi. Na Mzee Mshindo, aliyekuwa kasimama mbele ya kamba, anataka kusema huyu mwanangu mmempa mgongo, alisikia makofi ya karibu sana, mazito, ya mtu mwenye viganja vigumu. Akatazama chini. Ilikuwa mikono yake. Alitaka kuizuia ikawa kama kuzuia kukohoa. Ilipiga mpaka ikamaliza yenyewe.

Aliponyanyua kichwa, Sikudhani alikuwa katikati ya uwanja, peke yake, anamtazama. Hakuwa anamtazama usoni.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Gunia lilikuwa limeibwa. Walipofika kwenye kona ya kinu cha kusaga, mtoto akasema, "Baba, ulipiga."

"Ni mikono, mama. Si mimi."

"Mikono ya nani?"

Mzee akatembea. Walipokaribia nyumbani akasema, "Imezoea. Ulisema mwenyewe umeona, walininyang'anya gunia."

"Sikusema kitu," akasema Sikudhani, akaingia ndani.

Wazazi wengine walianza kunong'ona. Ni kweli majaribio haya yana faida? Serikali huku kwetu haipendi mnong'ono, inapenda sauti kubwa, basi ikaunda Tume ya Kuthibitisha Faida ya Majaribio. Jina lilitosha kuonyesha kazi ingeishia wapi, lakini tume ilikusudia kufanya utafiti wa kweli. Katibu wake, Bwana Mwinchumu, alikuja mwenyewe kwa Mzee Mshindo, akakalia godoro lililokuwa likishonwa.

"Hongera sana, mzee wangu. Tumekuwa tukitafuta mzazi ambaye mwanawe alikosa na bado akaridhika. Nilikuwa jukwaani. Hakuna aliyepiga makofi kama wewe. Nilimwambia mwenzangu, huyu baba ana uzalendo kwenye viganja."

"Sikuridhika, bwana."

"Kuridhika ni jambo la ndani, halionekani. Makofi yanasikika." Akasogea. "Jumamosi utasimama uwanjani mbele ya taifa, utoe ushahidi. Maneno machache tu. Kwamba ulilipa, kwamba alitazamwa, kwamba kuna faida. Na binti yako msafara ujao yumo."

"Yumo ndani ya timu?"

"Nimesema yumo, mzee. Usichambue."

Nyuma ya pazia Sikudhani alikuwa anachagua mchele, na ungo ukanyamaza. Mzee aliusikia ukinyamaza. Bwana Mwinchumu alipoondoka, binti alitoka na ungo mkononi.

"Nenda tu, baba. Kazi yenyewe unaiweza."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Siku zilizobaki Mzee Mshindo alishona kimya, anachoma kidole, anashona. Aliwaza: nikienda nikasema wanavyotaka, mtoto ataonekana na wenye macho, kama alivyotaka mama yake, lakini mimi atakuwa hanioni. Nikisema kweli, safari inakufa, na samadari imekwenda bure, ila labda mtoto atarudi kuniita baba kama zamani. Maana siku hizi alikuwa akisema "baba" kama mtu anayesema "mwenye duka". Ijumaa alimwambia, "Kesho twende wote ukanisikilize."

"Nitasikiliza redioni."

Jumamosi akapanda jukwaani. Hakuwahi kushika kipaza sauti, alikishika kama anayekamata kuku kwa shingo. Waziri alikuwepo, tume ilikuwepo, na uwanja ulijaa watu walioletwa kwa malori.

"Mimi Mshindo," akasema. "Mwanangu alicheza, na wenye macho walitazama embe. Mpira haukuwepo, na yeye aliuleta. Mliuona wenyewe, mliokuwa hapa. Wao walimpa mgongo kama walivyompa mama yake mgongo, mimi naita nesi, nesi, wao wanapiga makofi barabarani. Mmekula kitanda changu, sawa, kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, mtasema nimepunguziwa mzigo. Lakini hamkumwona mwanangu. Hamkumwona hata kidogo. Hakuna faida. Ni wizi tu, tena wizi wa mchana."

Akanyamaza, akisubiri wamkamate. Alikuwa tayari, alishavaa fulana safi ya kulalia mahabusu.

Lakini alipokuwa juu ya jukwaa alikuwa, kwa siku hiyo, kama mkubwa, na aliponyamaza alivuta pumzi. Uwanja mzima ukapiga makofi. Walipiga watu wa malori, wakapiga polisi, tume ikapiga. Waziri mwenyewe, ambaye hakuwa anasikiliza, alipiga kwa adabu. Mwenyekiti akatangaza hapo hapo: shahidi ameungwa mkono na umma wote, hivyo imethibitika majaribio yana faida, na kwa kuwa yana faida, ada ipande.

Mzee alimfuata Bwana Mwinchumu kwenye ngazi. "Sasa mtoto wangu?"

"Nafasi ipo, mzee. Ila atajaribiwa upya kwanza. Nawe umesikia ada mpya."

Alirudi karibu anakimbia. Hakujali tena nafasi. Alitaka jambo moja tu, amkute mtoto mlangoni, amwambie, baba, nimekusikia. Sikudhani alikuwa kakaa chini, redio ya Bi Hadia iko mapajani, imeshazimwa.

"Umesikia?" mzee akauliza, bado anahema.

"Nimesikia."

"Umesikia nilivyosema?"

"Walisema muda hautoshi, wakakata maneno. Wamesema shahidi Mshindo ametoa ushahidi, halafu yakaja makofi. Mengi." Akainuka akamrudishia Bi Hadia redio yake dirishani. "Hongera, baba."

"Siku, nilisema kweli. Wallahi nilisema. Niliwaambia mambo ya mama yako."

"Na wakakupigia makofi."

"Ndiyo, lakini..."

"Mambo ya mama. Wakayapigia makofi."

Hebu mwambieni ninyi, mngejibu nini hapo. Mzee alikwenda kwa Bi Hadia amtafutie shahidi, mtu yeyote aliyekuwepo. Bi Hadia akawauliza watu wa malori. Wote walikumbuka kwamba mzee alizungumza vizuri. Hakuna aliyekumbuka kazungumza nini.

Tangu hapo Sikudhani hakucheza tena. Hakugombana wala hakukataa chakula. Alipika, alifua, alishona kingo za magodoro kwa mkono uliotulia kama wa mtu mzima. Kombo na wenzake walikuja kila alasiri.

"Siku, toka basi. Tunafungwa."

"Nina kazi."

"Kazi gani, umekaa tu."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Wakaacha kumwita. Hilo ndilo lililomwuma mzee kuliko yote, siku walipopita mlangoni bila hata kugeuza shingo. Uchochoro aliouogopa marehemu, kwamba mtoto atafia humo, sasa mtoto hata humo hakuwemo.

Alasiri moja alichoma sindano kwenye godoro akaiacha hapo hapo, akatoka nje, sufi kwenye ndevu. Akamwondoa golikipa, mtoto mdogo asiye na meno ya mbele, akasimama yeye kati ya mawe mawili.

"Babu, utaumia," Kombo akasema.

"Piga."

Wakapiga. Ukapita. Wakapiga tena, ukampiga gotini, akachechemea. Watu wakatoka majumbani. Mjumbe wa mtaa akafika.

"Mzee Mshindo, mkusanyiko huu una kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Cha mtu mzima kuchekwa hadharani."

"Kaniandikie," mzee akasema, bila kumtazama, maana alikuwa anautazama mlango wake.

Sikudhani akatoka. Alikuja moja kwa moja akamshika kiwiko, sauti chini.

"Baba, twende ndani. Wanakucheka."

"Wacha wacheke. Piga mmoja."

"Sichezi."

"Usicheze. Nipige mimi. Nasimama hapa, sitauzuia. Nipige."

Sikudhani akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu uwanjani. Akamgeukia Kombo, akamnyang'anya mpira miguuni bila kuomba, akauweka chini. Akarudi nyuma.

Alipiga kwa mguu ule aliouona mama yake. Ulimpata mzee kifuani, akayumba, akashika ukuta. Watu wakaacha kucheka. Mpira ukarudi kwa binti wenyewe. Akapiga tena, tumboni. Akapiga tena. Sasa alikuwa analia waziwazi, kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa makaburini wala uwanjani, makamasi yanamwingia mdomoni, na kati ya shuti na shuti anasema kitu ambacho hakuna aliyekielewa ila baba yake. Bi Hadia alitaka kuingilia, mjumbe akamzuia kwa mkono, pengine jambo pekee la maana alilowahi kufanya katika utumishi wake.

Mzee alipiga goti. Akainuka kwa kushika jiwe la goli, akajipangusa vumbi mdomoni, akasimama tena katikati.

"Tena, mama," akasema. "Baba yako yuko hapa."